Mtangazaji Hana Punda

Habari ya msiba nimeipata Jumanne nikiwa zamu ya ulinzi hapa Pearl, mtaa wa matajiri wa Doha, nimesimama langoni napigia saluti magari ambayo hayajawahi kuniitikia. Simu ikatetemeka mfukoni. Kumbe ni redio ya kwetu kisiwani, mtu ameirekodi tanzia akaitupa kwenye grupu, ile sauti mnayoijua nyinyi watu wa pwani, inayokwenda polepole kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo ya maji kichwani. Tunasikitika kutangaza kifo cha mzee wetu fulani, mkaazi wa mtaa wa Pwani, baba yake fulani, aliyekuwa mtangazaji wetu wa mbio za punda, Doha. Habari ziwafikie jamaa na marafiki popote walipo. Nikairudia tena, kwa sababu marehemu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba jambo halisikilizwi mara moja. Ikasema vilevile. Sasa wasomaji wangu, chuo kikuu changu ni darasa la nane, lakini kazi ya mtu naijua nikiiona. Ami, ndiye huyo marehemu, alikuwa dereva. Miaka yote aliyokaa Qatar alikuwa dereva wa nyumba moja mtaa wa Muaither: apeleke watoto shule, alete mboga, ampeleke mama mwenye nyumba kwa dada zake na amngoje mpaka hadithi ziishe, na nyinyi mwajua hadithi za dada na dada haziishi, hukatizwa tu na adhana. Utangazaji aliupata wapi?

Nitawaambia, maana nilikuwepo. Sote tulimwita Ami, hata rafiki yangu Mganda, mlinzi mwenzangu, ambaye hakuwa na udugu naye wa damu, wa dini wala wa kabila, ila alikuwa na udugu na pilau lake. Kila mwaka, siku ya mbio za punda kisiwani kwetu, Ami aliomba ruhusa ya mchana, akatukusanya kwenye chumba chake cha dereva pale ukutani karibu na lango. Enzi hizo simu zilikuwa za kubonyeza na intaneti ilikuwa ya wenye ofisi. Ami alikwangua kadi ya kupigia nje, akampigia mkewe, na mkewe akaiweka simu mbele ya redio jikoni. Tulijaribu spika mwaka wa kwanza, tukasikia kitu kama samaki wanakaangwa. Basi Ami akatia visikizi masikioni, akafumba macho, na kila neno alilosema mtangazaji wa kule, yeye akalirusha chumbani kwa sauti yake. Na sauti alikuwa nayo, wallahi. Dereva mpole, mtu wa "ndiyo mama, sawa mama", punda wakiondoka tu anageuka mtu mwingine. Ndevu zinacheza, mkono unapiga paja kama kwato, mishipa ya shingo imetoka. Wapishi wa nyumba ya jirani wakasimama mlangoni hawajui hata neno la Kiswahili, wakashangilia.

Mganda alikuja moja kwa moja kutoka kanisani Mesaimeer, suti imepigwa pasi, Biblia kwapani, na siku zote alishangilia mtaa wa Juu, mahasimu wetu, kwa sababu tu sisi ni wa Pwani. Hajawahi kukanyaga kisiwa chetu, lakini kwa Juu yuko tayari kugombana. Humo chumbani mlikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, mshindi hatajwi mpaka Ami amsikie mara mbili, kwa sababu mtangazaji wa kule alikuwa na presha na aliwahi kumpa ushindi punda aliyekuwa anapita njia amebeba mchanga. Ya pili, humwoni Ami akitabasamu Pwani ikiongoza wala akinuna ikipitwa. Tulimchokoza kweli. Tulimwambia hana damu, amekula barafu. Alitujibu neno moja kila mwaka: "Mtangazaji hana punda."

Na alikuwa mtu wa kuita kitu kwa jina lake. Sisi vijana, tukiulizwa na wenzetu kazini kwetu kuna nini cha maana, tulisema mbio za farasi. Mtu uko Doha, mji ambao farasi analala kwenye kiyoyozi na wewe unalala wanane chumba kimoja, utasema punda? Sasa siku moja baba mwenye nyumba, Mkatari mfugaji wa farasi, amesikia kelele kutoka chumba cha dereva, akamwita Ami barazani mbele ya wageni, akamwuliza kuna nini. Ami akasema kwetu kuna mbio. Yule bwana macho yakamwaka, akauliza, "Khel?" Yaani farasi? Ami akamtazama usoni, kwa heshima zote, akajibu, "La, baba. Himari." Yaani punda. Nyinyi mlioko huku mnajua, ukimtazama mtu usoni ukamwambia himari, hilo si jina la mnyama tena, ni tusi. Tasbihi ikasimama kidoleni. Wageni wakaacha kutafuna. Ami akaona mambo yamemharibikia, akakunja vidole viwili kichwani kufanya masikio, akapanda mto wa kukalia, akaupiga mateke ya ubavuni. Yule bwana alicheka mpaka akatokwa na machozi. Tangu siku hiyo, kila mwaka mbio zikiisha, alimwuliza dereva wake himari wamefanyaje, na Ami akampa matokeo yaliyothibitishwa.

Kicheko hicho ndicho kilichozaa jambo lenyewe. Ami alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, mpanda punda, na miaka ilikuwa inakwenda baba Muaither, mwana kisiwani, wanajuana kwa simu. Yule bwana akasema kijana aletwe, atahudumia farasi zizini, visa akaitoa mwenyewe. Ami akanunua kitanda cha pili, cha chuma, na godoro jipya, akalitandika na karatasi yake ya nailoni hivyohivyo ili lisichafuke kabla ya mwenyewe kufika. Sisi tukawa tunakaa chini kwenye mkeka. Ukikigusa tu kile kitanda unatazamwa. Lakini kijana hakutaka. Akamwambia babake farasi wana wenyewe, punda ni wake, na amewekwa mwaka huo kupandia Pwani. Wakavutana simuni mpaka mama mtu akachoka, mwisho wakakubaliana: akishinda, anabaki kwao na punda wake, na baba hamwulizi tena, akishindwa, anapanda ndege, maana visa ilikuwa karibu kuisha. Mji wote ukajua. Kwetu siri inakaa kwa mtu mmoja tu, naye ni maiti.

Siku ikafika, ikawa Ijumaa, chumba kimejaa, pilau liko juu ya moto. Ami akatangaza vilevile kama miaka yote. Alipolitaja jina la mwanawe alilitaja kama la mtoto wa mtu. Punda wameondoka, punda wamepita gatini, wa Juu mbele, wa Pwani yuko mkiani pake, sasa wako bega kwa bega, wanakuja, wanakuja. Halafu akanyamaza. Akainua kidole kimoja juu, tukajua jina limetajwa mara moja, anangoja la pili. Kidole kikabaki juu. Kadi ilikuwa imeisha. Tukapekua mifuko yote, hakuna mwenye kadi, na duka la karibu limefungwa kwa sala. Tukamwuliza nani? Akasema bado. Tukamwambia tuambie ulichosikia tu, akasema kwani hamnijui. Mganda akasonga kidogo akamnong'oneza kitu, Ami akatikisa kichwa.

Baadaye simu ikalia, na haikuwa mkewe. Walikuwa wazee wa kamati wenyewe, na hii spika ilisikika vizuri, tukaelewa balaa. Watu walikuwa wameingia njiani mwishoni pale, punda wamefika wamechanganyika na watoto na baiskeli, waamuzi wawili, mmoja anasema Pwani, mmoja anasema Juu. Wakamwuliza mtangazaji wa redio, aliyekuwa juu ya dari anaona kila kitu, alimtaja nani. Mtangazaji ni mtu wa Juu, na wazee wa mtaa wake wamesimama hapo nyuma yake. Akasema hakumbuki. Kurekodi hawakurekodi, ndiyo redio yetu hiyo. Wakatafuta msikilizaji mji mzima wakamkosa, kwa sababu mji mzima ulikuwa barabarani unatazama! Mke wa Ami, aliyeshika simu, alikuwa amejifunika leso masikioni anamwombea mwanawe dua. Basi redio ya kisiwa kizima ilikuwa na msikilizaji mmoja, naye yuko Muaither. Watu wa Pwani wakasema aulizwe, ni mtu wetu. Watu wa Juu wakasema aulizwe, huyu ndiye anayetaka kijana ashindwe kuliko sisi. Kila upande ulimwona ana punda wao.

Ami akaitazama simu, halafu akakitazama kile kitanda. Hapo hata mimi mwenye kichwa kizito nikajua alisikia jina gani. Mganda naye akajua, akaiziba simu kwa kiganja, akasema pole pole, na huyo alikuwa mtu ambaye Juu ikishinda anacheza mpaka viatu vinatoka:

"Ami, sheria yako ni mara mbili. Wewe umesikia mara moja. Waambie hukusikia vizuri, si uongo."

Na kweli, kisheria haukuwa uongo. Nilitamani akubali, maana bila ushahidi wake Pwani haina ushindi. Kijana angekuja, angelala pale, tungempikia. Ami akamtoa mkono taratibu.

"Mara mbili ni ya kutangaza, mwanangu. Hapa nimeulizwa nilichosikia."

Akawaambia wazee: nimesikia mara moja tu, na sikusikia la pili, hilo mlijue. Hilo moja nililosikia ni Pwani. Kule kukazuka kelele, tukasikia mtu analia kwa furaha, na simu ikakatwa bila hata asante. Mnajua wenyewe, asante ya punda ni mateke. Watu wa Juu walimnunia miaka, wengine humu humu Doha. Yeye akainuka, akakiendea kitanda, akaichana ile nailoni kutoka kichwani mpaka miguuni, akaikunja, akasema, "Haya kaeni vizuri mle. Mwenyewe haji." Tukakaa juu ya godoro jipya tukala pilau la ushindi, na sijawahi kula pilau gumu kumeza kama lile. Jioni alipomwendesha yule bwana, akaulizwa himari wamefanyaje. Akajibu kijana wake ameshinda. Yule bwana akasema, "Basi mwache na himari wake." Visa ikaisha yenyewe.

Nafikiria mambo haya kila nikifungua simu yangu siku hizi. Sasa kila mtu ana kamera, mbio zinarushwa moja kwa moja kutoka kila dirisha, na mwaka uliopita nimeona video za mbio moja ambazo kila moja ina mshindi wake, anayerekodi anamfuata punda wa mtaa wake mpaka mwisho, wengine hawaonekani kabisa. Kwenye grupu letu hapa Doha ni hivyohivyo. Mtu anapewa sauti kwamba kampuni fulani inaajiri, anairusha hajaisikiliza hata mara moja, kesho vijana wamejipanga langoni kwenye jua kwa kazi isiyokuwepo. Ukimwuliza anakwambia na mimi nimetumiwa. Sote tumekuwa watangazaji, na kila mmoja amefunga punda wake nyuma ya nyumba. Mimi nasema bila kupepesa: teknolojia haijatupiku, bado mtu mmoja mwenye kadi ya kukwangua na mdomo safi anawashinda wenye simu mia. Nimemwona, nimekula pilau lake.

Ami alirudi nyumbani nguvu zilipomwishia. Ni mwanawe huyo huyo aliyempokea gatini na punda aliyetandikwa mkeka mzuri, akamlea, akamwosha, mpaka wiki iliyopita akamzika. Kama angekuja huku kufuta vumbi la farasi, sijui nani angefanya hayo. Nilimpigia simu kumpa mkono wa pole, na kwa kuwa mimi sijui kukaa na huzuni bila kuitekenya, nikamchokoza kidogo: wewe bwana umempa babako cheo redioni, mzee alikuwa dereva. Akacheka kwa pua, kicheko cha mtu aliyekuwa analia.

"Mimi niliandika dereva," akasema. "Aliyesoma ndiye aliyegeuza."

Nikamwuliza nani aliyesoma. Akanijibu ni yule yule, yule wa juu ya dari, aliyesema hakumbuki. Sasa naye ni mzee, redioni anabakishiwa kusoma tanzia tu. Alimfuata kijana makaburini, akamshika mkono, akamwambia siku ile alikuwa anakumbuka. Basi nikaifungua ile tanzia nikaisikiliza mara ya tatu, na safari hii nikasikia nisichokisikia mwanzo: akifika pale kwenye "mtangazaji wetu" anasita kidogo, halafu analitamka tena. Amelitaja mara mbili. Kwa sheria ya Ami mwenyewe, limethibitishwa, nami nalitangaza: ukiulizwa ulichosikia, sema, hata kama punda ni mwanao.