Siku Dobi Alipoongoza Ligi

Shangazi ni dada wa baba yangu, lakini mtaani kila mtu anamwita Shangazi, hata wanaume waliomzidi umri. Ana chumba cha gemu. Ni chumba kirefu cha chini katika nyumba ya ghorofa, chenye televisheni tatu zilizofungwa ukutani kwa vyuma, stuli za plastiki, feni moja yenye kelele, na nyaya zilizobandikwa sakafuni kwa solotepu ili watu wasijikwae. Zamani alikuwa keshia katika duka la vifaa vya ujenzi. Duka lilipofungwa, wenzake walikwenda kutafuta kaunta nyingine. Yeye alisema amechoka kukaa nyuma ya kioo akihudumia watu wenye haraka; anataka mahali ambapo watu hawana haraka.

Wapo wanaosema chumba kile kinaharibu vijana. Nimewasikia wakisema hivyo msikitini, kanisani na kwenye foleni ya maji, na kila mara nawauliza swali moja: mmewapa chumba gani kingine? Kijana akikaa pale, hajakaa kichochoroni. Pale kinyozi anacheza, nesi anacheza akitoka zamu, asiye na kazi anacheza nao, na hakuna anayemuuliza mwenzake amesoma mpaka wapi. Sijui ni mahali pangapi pengine katika mji huu unaweza kusema hivyo.

Tatizo la chumba lilikuwa mashindano. Shangazi aliandaa ligi ya mpira wa gemu, kila mtu acheze na kila mtu, wawili wa juu waingie fainali. Alama aliziandika kwa chaki ubaoni. Katika mashindano yaliyopita, mtu mmoja aliegemea ubao, shati lake likafuta mabao ya watu watatu, na kila mmoja akayakumbuka kwa namna iliyomfaa. Kinyozi, ambaye mikono yake hupita shingoni mwa watu kwa upole mchana kutwa, alirusha stuli. Stuli ilipita dirishani bila kufungua kioo.

Mwenye nyumba anaishi ghorofa ya juu. Alishuka taratibu, akatazama vioo sakafuni, akasema, "Mama, mimi na wewe hatuna neno. Lakini mashindano yajayo, ukitokea ugomvi, chumba nakifunga. Sitakuja kujadili."

"Na akikifunga?" nilimuuliza Shangazi baadaye.

"Nitarudi nyuma ya kioo," alisema. "Kama kuna kioo kitakachonipokea katika umri huu."

Ndipo alipoamua kuachana na ubao. Alikuja nyumbani kwetu na kompyuta yake ya zamani, akaisogeza sahani ya baba mezani, akaanza kuchora jedwali. Dukani alikuwa akihesabu misumari na mabati kwa majedwali ya namna ile, kwa hiyo hakuwa mgeni. Kila mchezaji alimpa mstari wake. Safu alizipanga hivi: mechi, ushindi, sare, kufungwa, mabao aliyofunga, mabao aliyofungwa, na mwisho pointi. Alikuza maandishi mpaka yakajaa kioo kizima.

"Mbona makubwa hivyo?" nilimuuliza.

"Aliye nyuma kabisa asome akiwa amekaa. Mtu akisimama ili aone, wa nyuma yake anasimama pia. Wote wakishasimama, mwanangu, ngumi iko njiani."

Huyo ndiye Shangazi. Alifikiria rangi pia: nyekundu aliikataa kabisa, kwa sababu mtu aliyefungwa hahitaji kuwashiwa taa. Nilimshauri kitu kimoja tu, kwamba kila mechi iwe na mstari wake kwenye ukurasa mwingine, nani na nani, ngapi kwa ngapi, halafu kompyuta ijumlishe yenyewe.

"Wewe unataka kuandika historia," alinijibu. "Mimi nataka kuandika ligi."

"Lakini ukikosea?"

"Nilikaa kwenye keshi miaka mingi kabla hujaota meno. Hesabu ya mwisho sikuwahi kuiachia mashine. Jumla zote nitaziandika kwa mkono wangu. Lete chai."

Nilileta chai.

Jumamosi ya mashindano watu walianza kufika asubuhi mapema. Dobi ndiye aliyefika wa kwanza, kama kawaida yake, kwa hiyo jina lake likawa la kwanza kwenye jedwali. Ni kijana mpole, mrefu, vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni, na katika gemu ni kitoweo cha kila mtu. Nesi alikuja na sare zake nyeupe, ametoka zamu, akaomba jina lake liandikwe la mwisho ili apumzike kwanza. Fundi Simu alikuja na kikundi cha kumshangilia. Kinyozi alikuja na mdomo.

"Leo nawanyoa bila maji," alitangaza mlangoni.

"Lipa dirisha kwanza," Nesi alimjibu, na watu wakacheka.

Mechi zilichezwa kwenye televisheni zote tatu kwa wakati mmoja. Matokeo yalitupwa kwa Shangazi kutoka pande tatu, naye akaandika, akaandika, akihifadhi kazi kila baada ya mechi, maana keshia haachi droo wazi. Wachezaji walipokuwa wakimaliza ligi, aliichukua kompyuta akaenda nayo pembeni ili awapange, wenye pointi nyingi wakae juu, kabla ya kuunganisha waya kwenye televisheni ya katikati.

Hapo ndipo alipokosea. Alichagua safu ya pointi, akaiamuru ijipange kutoka kubwa kwenda ndogo. Kompyuta ikamuuliza kama ipange safu hiyo peke yake; akaona inamchelewesha, akabonyeza ndiyo. Pointi zikajipanga vizuri. Akaenda safu ya ushindi, nayo akaipanga. Kisha mabao. Kila safu aliipanga peke yake, na majina akayaacha palepale yalipokuwa. Ni kama fundi cherehani anayepanga mikono ya mashati kutoka mirefu kwenda mifupi, kola kutoka pana kwenda nyembamba, halafu anashona bila kuuliza lipi la nani. Alipomaliza jedwali lilipendeza kweli. Akahifadhi, akazima, kwa sababu kompyuta ile haikubali waya wa televisheni mpaka izimwe kwanza, akaiwasha tena.

Maandishi makubwa yakajaa kioo. Kila mtu alisoma akiwa amekaa, kama alivyotaka.

Anayeongoza ligi: Dobi.

Kisha Kinyozi akasema, "Dobi yupi?"

"Mimi," Dobi alisema kwa sauti ya mtu aliyekutwa na mali ya wizi.

"Wewe huyu huyu? Niliyemwona hapa akifungwa na kila mwenye vidole?"

"Na mimi wa mwisho!" Nesi alisimama. "Shangazi, mimi wa mwisho? Nimefungwa na nani, na malaika?"

Aliposimama Nesi, wa nyuma yake wakasimama. Nilikimbilia kompyuta nijaribu kurudisha hatua nyuma, lakini ilikuwa imekwisha kuzimwa na kuwashwa. Hakukuwa na nyuma pa kurudi. Nikamtazama Shangazi. Alikuwa ameshaelewa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia mlango ukijifunga huku ufunguo uko ndani.

"Kosa ni langu," alisema. "Nimeyachanganya. Kaeni, tutayaandika upya. Nani anakumbuka?"

Wote walikumbuka. Kinyozi alikumbuka kuwashinda watu wote. Fundi Simu alikumbuka kuwashinda wote pia, akiwamo Kinyozi, na kikundi chake kikakumbuka pamoja naye kwa kupiga makofi. Sauti zikapanda. Mtu akasukuma stuli kwa mguu, na nikasikia juu yetu kiti kikivutwa: mwenye nyumba alikuwa ameinuka.

Shangazi naye alisikia. Akapanda juu ya stuli, viatu vyake mkononi, akapiga kiatu kwa kiatu mpaka wakanyamaza.

"Aliyeshinda asiseme neno. Hata moja. Nataka kumsikia aliyefungwa tu. Asimame, ataje nani alimfunga, ngapi kwa ngapi. Waliotoka sare wataje wote wawili."

"Kwa nini aliyefungwa?" Kinyozi aliuliza.

"Kwa sababu tangu nizaliwe sijaona mtu anayejisingizia kipigo."

Hakuna aliyesimama. Kisha Fundi Simu akainuka, akijikuna kichwa.

"Nesi alinipiga nne bila."

Kicheko kilichotoka kingeweza kufungua mlango. "Sema na mabao ya kichwa!" mtu alidakia.

"Yote ya kichwa," Fundi Simu alisema. "Umefurahi sasa?"

Akafuata mwingine, na mwingine. Nilifungua ukurasa mpya, nikaandika kila mechi kwenye mstari wake, na safari hii Shangazi hakusema kitu kuhusu historia. Alisimama nyuma yangu, bado juu ya stuli, akinitajia. Watu walianza kufurahia kutaja vipigo vyao, wakiviongezea chumvi kila mahali isipokuwa kwenye idadi ya mabao. Dobi alipoinuka, alisema, "Mimi niacheni nisimame moja kwa moja, orodha yangu ndefu," na watu wakamshangilia kama bingwa. Alitaja mmoja baada ya mwingine kwa utulivu, akakaa.

Nilipitia mistari. Kila mechi ilikuwa na mwenyewe, isipokuwa moja.

"Dobi," nilisema, "umemsahau Kinyozi."

"Sijamsahau."

"Basi sema," Shangazi alimhimiza. "Alikufunga ngapi?"

Dobi alitazama vidole vyake. "Shangazi, umesema aliyeshinda asiseme."

Chumba kizima kiligeuka. Kinyozi alikuwa ameinamia pedi ya gemu kana kwamba ina maandishi. Hakuna aliyehitaji kuelezwa: kama hakupoteza mechi ile, yumo fainali na Nesi. Kama aliipoteza, Fundi Simu anapita na yeye anabaki mtazamaji. Mechi ilichezwa asubuhi kabla watu hawajajaa, na Shangazi aliyeiandika hakuikumbuka tena. Kinyozi angesema tu, "Nilishinda," na ingekuwa neno lake dhidi ya la Dobi, ambaye hajawahi kubishana hata na sabuni.

Wakati huohuo mwenye nyumba alitokea mlangoni. Mkononi alikuwa na kufuli kubwa, jipya, bado lina karatasi ya dukani.

"Kuna nini humu?"

Shangazi alishuka kwenye stuli polepole, viatu vikiwa bado mkononi.

Kinyozi aliinua kichwa. Akamwona mwenye nyumba, akaona kufuli, akamtazama Shangazi. Akasimama.

"Mbili moja," alisema. "Alinifunga mbili moja. Nilikuwa sijanywa chai."

Kilichofuata sijui nikiiteje, kelele au kicheko. Fundi Simu alimkumbatia Dobi, kikundi chake kikambeba Dobi juu, kichwa chake kikagonga feni, feni ikanyamaza kidogo, ikaendelea. Watu walimpigapiga Kinyozi mgongoni. "Chai, bwana! Mleteeni chai!" Na yeye, mwenye mdomo wote ule, akacheka mpaka akafuta macho kwa kitambaa chake cha kunyolea.

Nimekulia mahali ambapo aliyeshinda ndiye anayehesabu, ndiye anayetangaza, na ndiye anayewashukuru watu kwa utulivu wao. Siku ile, katika chumba cha gemu wanachokilaani watu wenye heshima zao, nilimwona mtu akisimama kujitoa kwenye fainali kwa mdomo wake mwenyewe, bila askari, bila hakimu. Nawaomba wenye heshima zao waje wajifunze. Stuli zipo.

Mwenye nyumba alisubiri kelele zipungue.

"Huyu si yule aliyerusha stuli?"

"Ndiye," Shangazi alisema.

"Na hapa alikuwa anafanya nini?"

"Anakubali kufungwa, mzee."

Mwenye nyumba alimtazama Kinyozi. Akalitia kufuli mfukoni, likaning'iniza koti upande mmoja.

"Kioo cha dirisha bado sijalipwa," alisema.

"Kesho, mzee," Kinyozi alisema. "Na ndevu zako nitakunyoa bure."

"Ndevu zangu ziache. Fainali ni nani na nani?"

Walimpa stuli ya mbele. Alitazama fainali yote, akiuliza kila mara mpira uko wapi, na Nesi alipofunga la tatu alipiga goti lake kwa furaha kabla hajakumbuka yeye ni nani. Alipopanda ngazi kurudi juu, tulisikia kufuli likigonga ukuta wa ngazi, hatua baada ya hatua, mpaka mlango wake ukafungwa.

Ndipo Shangazi alipokaa. Tangu asubuhi hakuwa amekaa wala kula. Mtu alimletea mkate mkavu, akaula wote bila chai, kwa kasi, macho yamefumbwa.

"Kile kiukurasa chako cha mechi mojamoja," aliniambia. "Kiache humohumo. Usikifute."

"Sikifuti."

"Na sasa nipishe."

Akaunganisha stuli mbili chini ya feni, akajilaza, khanga usoni. Nilidhani anapumzika tu, lakini alikuwa amelala kabisa, mdomo wazi. Watu hawakuondoka. Waliendelea kubishana kama bao la pili la Nesi lilikuwa la kuotea au la, ila walibishana kwa kunong'ona.