Uso wa Dereva

Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza katika chumba cha wachoraji pale studio, hudhani ameletwa kwa vichaa. Watu wazima kumi na mmoja, wengine na mvi zao, wamekaa kila mmoja mbele ya kioo chake, wanajikunjia nyuso. Huyu anajitumbulia macho, yule anajing'ata mdomo, mwingine analia bila machozi kisha anaacha ghafla na kushika penseli. Si wazimu, ndiyo kazi yenyewe. Anayechora katuni za televisheni hawezi kuokota hasira au hofu hewani. Lazima aifanye kwanza usoni mwake, aitazame kwenye kioo, ndipo aihamishie kwenye karatasi. Na sekunde moja tu ya filamu inakula michoro kumi na miwili. Ukiona mtu wa katuni amepepesa jicho, ujue kuna mchoraji aliyepepesa lake asubuhi nzima.

Meza ya tatu kutoka dirishani ilikuwa ya Kifutio. Jina hilo alibandikwa wiki ya kwanza kazini, likamfuata mpaka nyumbani kwa mkewe. Alikuwa mtu mfupi, mpole, wa kufunga vifungo vya shati mpaka shingoni, na mwoga wa mstari wake mwenyewe. Alichora, akafuta, akachora palepale, akafuta tena. Ikifika jioni meza yake imejaa vumbi la kifutio, naye alikuwa na namna yake ya kulifagia kwa ubavu wa kiganja: mara mbili fupi, mara moja ndefu. Mkono ulizoea hivyo hadi ukawa unafagia wenyewe. Akibanwa na jambo lolote, hufagia. Alifagia kaunta ya benki, akafagia meza kuu kwenye harusi ya dada yake. Mkewe alimtania kwamba siku akifa atafika mbele ya malaika na kuanza kuwafagilia dawati.

Meza ya pili ilikuwa ya Wino. Huyo alikuwa pande la mtu, kicheko chake kinasikika barabarani, na alichora moja kwa moja kwa kalamu ya wino bila penseli wala kufuta. Mstari ukimwendea kombo aliugeuza kuwa kitu kingine, sikio likawa kofia, na watu wakasema alikusudia. Yeye na Kifutio walianza kazi siku moja, na kwa miaka tisa walikuwa chanda na pete. Binti wa Wino alimwita Kifutio baba mdogo. Wino mwenyewe hakumwita kwa lakabu hata mara moja. Alimwita "ndugu yangu", na alimaanisha.

Tamthilia iliyowalisha ilikuwa ya uhalifu, si ya watoto, ingawa watoto waliichungulia mlangoni. Ilihusu wezi wawili marafiki. Mmoja ni Fundi Kufuli, anayefungua sefu kwa kutega sikio, na wa pili ni Dereva, anayemsubiri nje injini ikiwa inanguruma. Pale studio kila mhusika alikuwa na mchoraji wake, kama mtoto na mzazi. Wino alimlea Fundi Kufuli, Kifutio akamlea Dereva. Walikaa bega kwa bega, kila mmoja na kioo chake, wakiwasemesha wezi wao, na Bosi akipita huwauliza leo wameiba wapi.

Bosi ndiye aliyeianzisha studio, mama mmoja mwembamba asiyepaza sauti. Mwishoni mwa mwaka wa tisa alitangaza kwamba atateua mkuu wa wachoraji. Hakuna aliyejisumbua kubashiri. Ilijulikana kuwa ni Wino, na Wino alijua, na Kifutio alijua vilevile, na hilo ndilo lililomkaa rohoni. Si kwamba alimchukia rafiki yake. Kilichomuuma ni kwamba katika chumba kile chote hakupatikana mtu hata mmoja wa kumtaja yeye, hata kwa kukosea.

Sasa, Wino alikuwa na siri. Siku za Jumapili, nyumbani kwake, alikuwa akimchorea mchapishaji mwingine kitabu cha watoto, habari za kuku anayeogopa mayai. Mkataba wa studio ulikataza kazi za nje, tena kwa maandishi meusi ya kukolezwa. Mtu wa nje aliyeonyeshwa kitabu hicho ni mmoja tu. Kifutio alikigeuza kurasa zote, akacheka, akasema kuku huyu atafika mbali.

Siku moja aliitwa ofisini kwa jambo jingine kabisa. Wakati anatoka, Bosi akasema Wino anaonekana amechoka siku hizi, je, anaumwa? Kifutio akajibu kwamba labda ni ile kazi yake ya Jumapili. Kisha akajishika mdomo, kama mtu aliyeponyokwa.

Tusidanganyane, hakuponyokwa. Sentensi ile alikuwa ameitafuna siku mbili nzima, ameichora kichwani na kuifuta na kuichora upya, mpaka ikawa fupi na nyepesi, ya kudondoka mlangoni bila kishindo. Mtu akitaka kukuchimba kwa heshima zote, hivyo ndivyo anavyofanya.

Siku ya nne Wino aliachishwa kazi. Alikuwa anazungusha waya wa taa yake ili auingize kwenye boksi, kichwa kimeinama, wenzake wote wakijifanya wamezama kwenye karatasi, alipouliza kwa sauti ya chini:

"Nani ameniuza, ndugu yangu?"

"Ningejua ningekwambia," Kifutio akasema.

Na mkono wake ukafagia meza. Ilikuwa meza ya Wino, ambayo kwa miaka tisa haijawahi kuona vumbi la kifutio. Wino alikuwa anahangaika na waya wake, hakuona. Aliyeona ni Kifutio. Kioo cha Wino kilikuwa bado kimesimama pale, na ndani yake akajiona: nyusi zimetangulia kupanda kabla ya maneno, tabasamu limekaa upande mmoja wa mdomo, na chini yake mkono unafagia pasipo kitu. Haikuchukua hata nusu sekunde.

Wino alipomaliza kufunga boksi alikiacha kioo juu ya meza. Akasema kile cha Kifutio ni kidogo mno, na sasa bila shaka yeye ndiye atakayekuwa mkuu, kwa hiyo anahitaji kuona uso mzima. Alimkumbatia akaondoka. Hakukuwa na kijembe hata kidogo katika maneno yale, na afadhali kingekuwapo.

Kweli, Kifutio akawa mkuu. Chumba kizima kilianza kumwita Mkuu kuanzia siku ya kwanza, wengine kwa heshima, wengine kwa kumvisha kilemba cha ukoka. Wino alipata kibarua cha kuandika mabango ya maduka, akawa anarudi nyumbani na rangi mpaka kwenye nyusi, na aliendelea kumwita ndugu yangu. Tena hakutaka kuacha desturi yao. Kila Jumapili saa kumi na moja jioni, familia mbili zilikusanyika sebuleni kwake kuangalia tamthilia, kama zamani. Alisema kazi wamemnyang'anya, lakini Fundi Kufuli ni mtoto wake, atamtazama tu, hata akilelewa na mwingine. Kifutio alikuwa anakwenda. Alikunywa chai ya watu wale, akambeba binti yao mabegani, na usingizi aliulala vizuri tu. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, alipojifikiria.

Halafu ukaja muswada wa sehemu ya mwisho. Mwandishi wake alikaa jengo jingine, habari za chumba cha wachoraji hakuzijua, na hadithi yake aliipanga mwaka mzima kabla. Ndani yake Dereva anamtaja Fundi Kufuli kwa polisi ili yeye aachwe. Kisha anakwenda kumtembelea mahabusu, wanakaa pande mbili za meza, na Fundi Kufuli anamuuliza kama anajua nani amemchongea. Dereva anajibu: "Mimi? Ningefaidika nini?"

Kifutio alichora jibu hilo siku tatu. Alimpa Dereva macho ya kukwepa, akampa jasho, akamfanya ameze mate, na kila mara alifuta. Bosi alitazama jaribio la tatu akasema huyu anadanganya kama mtu anayetaka akamatwe, na hakuna anayemdanganya rafiki hivyo. Siku ya nne Kifutio akakisimamisha kile kioo kikubwa, akajitazama, akayasema maneno kwa sauti. Uso ukaja wenyewe. Nyusi zikatangulia, tabasamu likakaa upande mmoja, na mkono ukafagia, mara mbili fupi, mara moja ndefu.

Akachora. Alichora mpaka saa za kutoka, karatasi juu ya karatasi, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakufuta kitu. Alipoinua kichwa, meza ilikuwa safi. Ndipo akatazama alichokifanya. Dereva mwenyewe hana sababu yoyote ya kufagia meza. Mkono ule ulikuwa wa mtu wa kifutio.

Alikuwa na siku mbili za kubadilisha kabla michoro haijapigwa skani. Kuufuta mkono peke yake ilikuwa kazi ya saa moja. Alikishika kifutio kabisa, kikiwa kwenye vidole, lakini Bosi akafika nyuma ya kiti chake, akapitisha karatasi haraka haraka kwa kidole gumba ili picha zitembee. Akapitisha tena. Kisha akawaita wengine wote waje waone. Watu kumi walisimama nyuma ya kiti cha Kifutio, na mzee mmoja wa meza ya mwisho, mwenye ulimi mkali kuliko wote, akamshika bega. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakisimama nyuma ya kiti cha pili, cha Wino. Kifutio akakiweka kifutio chini.

Alijitetea njia nzima ya kurudi nyumbani. Wino atamwona Dereva tu, jambo lenyewe ni la nusu sekunde. Lakini yeye mwenyewe alijua vizuri. Nusu sekunde ya maishani inapita, hata aliyekaa mbele yako haioni. Nusu sekunde ya katuni ni michoro sita, imepangwa mmoja mmoja, na Wino hatazami katuni kama watu wengine. Wino anahesabu karatasi.

Jumapili ilipofika alijaribu kuumwa kichwa. Mkewe akamwambia atatibiwa hukohuko na kicheko cha shemeji. Walikuta sebule imepangwa kama kawaida, kochi limesogezwa karibu, chai mezani, Wino mikono yake ina rangi ya kijani ya bango la duka la dawa. Nusu ya kwanza Wino alicheka, akakosoa kofia ya polisi, akamsifu aliyemrithi Fundi Kufuli wake kwamba anajitahidi, maskini. Kifutio alishika kikombe kwa mikono miwili ili mikono isipate nafasi.

Likaja lile onyesho la mahabusu. Fundi Kufuli akauliza, Dereva akajibu, mkono ukafagia.

Wino aliinama mbele, viwiko magotini. Tamthilia ikaendelea, milango ikafungwa, magari yakakimbizana, watoto wakapiga makelele, na yeye alikuwa bado anatazama palepale kwenye kioo cha televisheni, kana kwamba picha ile haijaondoka. Hata majina yalipoanza kupanda, na jina la mkuu wa wachoraji likapita peke yake, juu ya mengine yote, Wino hakusogea. Watoto wakakimbilia nje. Wake zao walikuwa wanakusanya sahani wakizungumza yao.

"Umemchora wewe mwenyewe?" Wino akauliza.

"Nimemchora mimi."

"Hujawahi kuchora vizuri hivi." Alisema taratibu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali. "Ulitumia kioo?"

Uongo ulikuwepo, tena mwingi. Angeweza kusema alimtazama mzee wa meza ya mwisho, au mwigizaji fulani, au polisi mmoja aliyemwona barabarani. Aliutafuta mmoja wa kushika na akahisi nyusi zake zinaanza kupanda. Akazishusha.

"Nilitumia."

"Kipi?"

"Chako."

Wino akatikisa kichwa kukubali, mara moja. Mkewe akapita akauliza kama kuna anayetaka chai zaidi, naye akamjibu kwa upole kwamba imetosha. Kifutio aliona heri angepigwa. Alitaka kusema. Alikuwa na maneno mengi, hata lile la kwamba hakuna mtu aliyewahi kumtaja, ambalo kwa miezi yote hiyo lilionekana kubwa, na sasa hakuona pa kulianzia. Aliweka kikombe chini.

Wino alikuwa anatazama mikono ya rafiki yake. Kifutio naye akashusha macho, akaona wa kulia uko juu ya meza ya chai unafagia, mara mbili fupi, mara moja ndefu. Wino aliusubiri mpaka umalize.

"Meza ni safi, Mkuu," akasema.