Dawa ya Viroboto ya Grupu ya Maombi

Mama Mkongo mwenye nyumba niliyopanga ughaibuni, mtaa wa Guildford, alikuwa na paka aliyejikuna mpaka akatoka vidonda shingoni. Jioni moja akanionyesha kichupa kilicholetwa na posta.

"Dawa ya viroboto. Iko muzuri sana, mwanangu. Dada wa grupu ya maombi ndiye alituma linki."

"Na hao wanaoitengeneza, umewaangalia?"

"Weye! Mtu anaomba na mimi kila Jumatano, nitamchunguza?"

Nikamsihi asubiri mpaka kesho. Shule niliiacha mapema, lakini nisichokijua huninyima usingizi. Asubuhi kwenye treni nikafungua tovuti ya kampuni. Wateja wote walitoa nyota tano, na baadhi ya maoni yao yalifanana neno kwa neno, isipokuwa jina la mnyama. Picha ya daktari wao niliikuta pia kwenye tovuti nyingine, akiuza mafuta ya magoti ya binadamu. Namba ya usajili wa dawa sikuiona popote. Anwani ilikuwa Wetherill Park, karibu na ghala nilikokuwa nikipakia mizigo.

Saa ya chakula nikaenda. Nikakuta duka la vigae. Muuzaji alipoona nimeshika simu akacheka.

"Na wewe umefuata dawa ya paka au ya mbwa? Hapa ni vigae tu, rafiki."

Nikampigia mama.

"Nilishamupaka," alisema. "Alikuwa analia. Sasa anatetemeka, lakini dada anasema ile njo alama dawa inafanya kazi."

Nilikata simu, nikapigia kliniki ya wanyama. Wakasema aogeshwe sasa hivi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha aletwe pamoja na kichupa. Nikampigia mama tena, nikamweleza.

"Acha niulize grupu kwanza," mama akanijibu.

"Mama, nakuomba, usiulize mtu. Fungua bomba."

Nikasikia maji.

Nilipofika kliniki paka alikuwa ametundikiwa dripu, bado anatetemeka. Daktari alikigeuzageuza kichupa, ambacho hakikuandikwa kilichomo. Alisema tusubiri.

Mama alikaa na taulo bichi mapajani. Akasema kwa sauti ndogo kwamba wako wengine wa grupu wenye paka. Akabonyeza kurekodi ujumbe wa sauti wa grupu, akakohoa, akaanza kuwasalimu wote katika jina la Bwana, mmoja mmoja, na mimi pembeni nikitamani aziruke salamu.