Nilichomwitikia Sista Agata

Nakumbuka siku moja ya likizo, mwanangu, niliposhuka Misungwi nikitokea chuoni Dar es Salaam, nikaenda kwa Sista Agata kabla hata ya kumwona mama. Alikuwa Mfaransa mzee, muuguzi wa zahanati ya misheni. Tangu nikiwa na miaka tisa alinifundisha lugha yake barazani huku tukichambua choroko.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba, binti yangu. Haya niambie, Kifaransa umekifanya somo kuu?"

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, soko lilipofunguliwa, kila kijana akiota biashara, na mimi biashara ndiyo niliyoichagua. Kifaransa nilikiandika somo dogo, la kujazia fomu tu, maana wenzangu walinicheka: Mwanza nzima utaongea na nani? Lakini nilipoutazama ule uso wake, nikaogopa kumvunja moyo.

"Ndiyo Sista. Somo kuu."

Akapiga makofi kama mtoto. Jumapili akawatangazia akina mama wote wa parokia. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, ila yangu ilichukua miaka minne. Hilo somo dogo nalo nililikariri, nikafaulu, nikalisahau, pamoja na yale ya barazani. Kumwandikia Sista hata barua moja ya Kifaransa sikuthubutu, angenigundua.

Nikapata kazi Mwanza, ofisi ya kiwanda cha minofu ya sangara, nikapanga chumba Mkuyuni. Asubuhi moja mama akanibishia hodi.

"Vaa twende," alisema. "Sista amepooza. Kiswahili chote kimemtoka, anaongea cha kwao tu, na hakuna anayemwelewa. Tumesema uitwe wewe uliyekisomea."

Tukapanda basi la Misungwi. (Utaniambia simu ingetafsiri. Mwanangu, simu zenyewe zilikuwa wapi?)

Sista aliponiona alinishika mkono, akaanza kuongea. Aliongea sana, machozi yakimtoka. Niliambulia "mama", nikaambulia "nyumbani", mengine yote yakanipita.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

Mama yangu alitulea hivyo: mgonjwa haachwi aongee peke yake, lazima awepo wa kumwitikia. Basi nikamwitikia. Kila aliponyamaza nilisema ndiyo, kwa Kifaransa. Mwisho aliniuliza jambo akinikazia macho, nikasema ndiyo. Akatulia, akaniachia mkono. Mama nikamwambia anatuombea baraka, uongo juu ya uongo.

Siku ya tatu akafariki. Nililia kuliko wote, na watu walidhani ni upendo tu.

Sasa umeniletea fomu yako, unaniuliza Kifaransa ukifanye somo kuu au somo dogo. Sikukatazi dogo, mwanangu. Dogo ukilishika kwa mikono miwili litakufaa kuliko kuu la kujionyesha. Ninachokukataza ni kuichukua lugha ya watu kwa ajili ya cheti, kwa sababu lugha ina wenyewe, na ipo siku mwenyewe atakushika mkono. Na ulilochagua liseme hivyo hivyo lilivyo, hata kama atakayelisikia atanuna. Sista angenuna siku mbili, kisha angenifundisha.

Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekua naye. Mungu akujalie masikio kabla ya ulimi, mwanangu, na wakikuita walio wako uwaelewe. Mimi kuna jambo nilimkubalia yule bibi kitandani, na mpaka leo sijui ni jambo gani.