Kiwambo cha Bunduki Tatu

Wazo la kununua kiwambo cha kuzuia sauti ya bunduki lilikuwa langu. Meneja wa shamba hakulifikiria, wala hakuna aliyelalamika. Nilimwendea ofisini asubuhi moja, nikamweleza kwamba shule imejengwa karibu na mfereji mkuu, kwamba zahanati nayo ina wodi ya wazazi, na kwamba kila tukipiga nguruwe pori alfajiri tunawashtua watoto wachanga na mama zao. Yote hayo yalikuwa kweli. Akanisikiliza, akasema nimewaza vizuri, akaniagiza nichague kimoja kitakachofaa bunduki zote tatu za shamba, kwa sababu kuomba kibali cha kimoja tu kulikuwa kazi ya kutosha.

Sababu yangu hasa sikuitaja. Masikio yangu yalikuwa yanakufa.

Shamba letu ni la mpunga, Ubaruku, na mimi nilikuwa mpigaji wake wa bunduki. Niliajiriwa kama fundi wa mashine za kukobolea, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kufungua na kufunga injini, kisha nikakabidhiwa na bunduki kwa kuwa nilionekana mtu wa utaratibu. Ndogo ilikuwa ya bata bukini wanaoshuka kwenye majaruba. Ya kati ilikuwa ya nguruwe pori. Kubwa ilikaa kabatini kwa ajili ya kiboko, nayo haikutoka bila maofisa wa wanyamapori kuwepo. Miaka ya kuzipiga bila kuziba masikio, pamoja na miaka ya kusimama kando ya mashine za kukoboa, iliniachia mlio kichwani kama wa nyenje wasiolala. Nyuma ya mlio huo sauti za watu zilizidi kuwa mbali.

Kwetu salamu isipojibiwa ni tusi. Mke wangu aliniambia siku moja tukiwa tunakula, "Watu wanasema una maringo siku hizi. Mama wa kwa mwenyekiti amekuamkia mara mbili barabarani, umempita kama mti."

Ningeweza kumwambia palepale. Badala yake nikasema, "Nilikuwa nawaza kazi."

Niliona afadhali kuitwa mwenye maringo kuliko kuitwa kiziwi. Mwenye maringo huogopwa kidogo. Kiziwi hupigiwa kelele mbele ya watu na kuchekewa na watoto, na haachiwi bunduki.

Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha usingizi, kwa sababu ya namna tunavyopiga. Mpunga ukianza kukomaa, waamia ndege hukaa kwenye madungu, vile vichanja vya miti vilivyoinuliwa juu ya majaruba, wakiwafukuza kwelea tangu mapambazuko. Mpunga ni mrefu na mtu akishuka humwoni. Kwa hiyo mpigaji hapigi mpaka apulize filimbi, na kila dungu lijibu kwa kugonga debe. Madungu yetu yalikuwa matano. Debe moja lisipolia, bunduki inateremshwa, hata kama nguruwe amesimama mbele yako anatafuna. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo. Tuliikuta, na haijawahi kumwua mtu.

Nilikuwa sisikii tena debe la mbali, lile la upande wa mto. Kisha nikaacha kusikia na la pili yake. Lakini aliyesimama nami kila alfajiri alikuwa msimamizi wa waamia ndege, mama mmoja wa Kisangu aliyenizidi umri kidogo. Alikuwa na desturi ya kuyahesabu madebe kwa vidole, mkono ukining'inia ubavuni, akifungua kidole kimoja kwa kila mlio. Mimi nilitazama vidole. Kiganja kikifunguka chote, nilipiga. Nikajiona mwerevu.

Basi nikaanza kusoma habari za viwambo, na nilizisoma kama ninavyosoma kila kitu, polepole, na kamusi ya Kiingereza pembeni. Niliona upesi kwamba ni ndugu wa eksozi. Moshi wa injini hupitishwa chumba hadi chumba mpaka upoteze hasira yake ndipo uachiwe nje; gesi ya baruti nayo ni hivyohivyo. Nilijifunza kwamba kiwambo cha bunduki nyingi lazima tundu lake litoshe risasi nene kuliko zote na mwili wake uhimili baruti kali kuliko zote, na kwamba risasi nyembamba ikipita humo, sehemu ya sauti huvuja pembeni yake. Kwa hiyo kinachofaa zote hakiwi bora kwa hata moja. Nilijifunza kwamba risasi ndogo za madini ya risasi tupu, zisizovishwa shaba, huacha uchafu ndani, hivyo kisichofunguka kwa kusafishwa kitajaa na kuwa kizito. Uzi wa skrubu kwenye mdomo wa kila mtutu una kipimo chake, na ukifunga kitu mbele ya mtutu shabaha huhama, lazima uipime upya. Na nilijifunza jambo ambalo filamu hazisemi: kiwambo hakinyamazishi bunduki. Risasi inayokwenda mbio kuliko sauti hupasua hewa yenyewe, na mpasuko huo uko nje ya uwezo wa chombo chochote kilichofungwa mtutuni.

Vitabu vyote viliongeza kwamba hata ukiwa na kiwambo, ziba masikio. Sentensi hiyo niliisoma haraka kuliko nyingine.

Mjini Mbeya nilikwenda kuulizia utaratibu wa kibali. Afisa aliyenipokea alinitaka nirudie maneno yangu, kisha akamwita mwenzake aje asikie.

"Mzee huyu anataka sailensa."

"Ya gari?"

"Ya bunduki, bwana! Kama ya jasusi." Akanigeukia. "Sasa mzee wangu, nguruwe akisikia mlio atakwenda kushtaki wapi?"

Walicheka vizuri, bila ubaya. Halafu akaniambia kwa adabu kwamba maombi yaandikwe na mwajiri, yataje chombo gani na bunduki zipi, yatapelekwa juu, na jibu linaweza kuwa hapana. Nilitoka nikiwa nimeelewa nusu ya maelezo yake, nusu nyingine nikiwa nimeitikia kwa kichwa.

Kabla ya kuandika jina la chombo nilitaka nikishike kimoja. Nilikuwa na mtani wangu Iringa, Mhehe wa Mlandege, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya uwindaji iliyokuwa na viwambo viwili kwa kibali. Baba yangu alikuwa Mngoni aliyefuata mpunga Ubaruku akabaki huko. Asiyejua utani wa Mngoni na Mhehe, sisi tukiitwa walaji panya na wao walaji mbwa, akitusikia atadhani tumekuja kuuana. Nilipompigia simu kumweleza habari ya kiwambo, sauti ya simu nikiwa nimeifungulia mpaka mwisho, alisema, "Mababu zenu walikuja na mikuki wakipiga kelele nchi nzima. Leo mjukuu anatafuta bunduki ya kunong'ona!"

"Nataka nije kuwinda mbwa wako kimyakimya," nikamjibu.

"Njoo. Panya tutakukaangia."

Nilipanda basi, nikalala kwake, asubuhi tukaenda na gari la kampuni mpaka uwanja wao wa kulengea nje ya mji, kwenye bonde lenye mawe makubwa. Akatandika turubai, akaweka viwambo vyote viwili. Kifupi kilifunguka vipande vipande. Kirefu kilikuwa kimechomelewa, chepesi, kizuri cha kutazama. Nilivipima, nikachungulia matundu, nikauliza maswali yangu yote, naye akajibu akiwa ananitazama usoni. Tangu siku ile nimefikiri sana kuhusu jicho lake lile. Wakati ule nilifikiri anavutiwa na ujuzi wangu.

"Haya, sasa sikio liamue," akasema. "Simama pale nyuma, ugeukie mlima. Usinitazame, macho hudanganya. Nitapiga na kimoja, kisha na kingine. Halafu wewe msomi utaniambia."

Niligeuka. Mpigo wa kwanza niliusikia zaidi kifuani kuliko masikioni. Nikasubiri. Wa pili ukaja, nikageuka naye akanipungia mkono nisogee.

"Enhe?"

"Cha pili ni kimya zaidi," nikasema.

"Sana?"

"Si sana. Lakini sauti yake ni nene, haina ule ukali wa mwanzo. Kirefu kina vyumba vingi, bila shaka ndiyo sababu."

Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo nikitazama mlima. Aliniacha nimalize. Akanyanyua bunduki, akanionyesha mdomo wake. Kiwambo kilichofungwa kilikuwa kifupi. Kirefu kilikuwa kimelala juu ya turubai pale pale nilipokiacha.

"Mara zote mbili ni hiki hiki," akasema. "Tena katikati nilikuita. Nikasema kwa sauti, Wangoni wote walaji panya, na baba yako ndiye aliyekuwa mpishi. Hukugeuka. Mtani, tangu dunia iumbwe, Mngoni gani ametukanwa panya na Mhehe akanyamaza?"

Alikuwa anacheka alipoanza, na hakuwa anacheka alipomaliza.

Utani hauna kesi. Kama neno lile lingesemwa na ndugu au daktari, ningekasirika, ningebisha, ningesema upepo ulikuwa unavuma. Mtani akikutukana hasira hairuhusiwi. Unatakiwa urudishe tusi kubwa zaidi. Nilitafuta la kurudisha, sikulipata. Nilihisi uso ukiniwaka mbele ya mtu mmoja tu, bondeni, kama vile wilaya nzima imekaa juu ya yale mawe.

Akaketi kwenye turubai, akanivutia mkono nikae upande ambao ningemwona mdomo.

"Hiki kinazuia kinachokuja," akasema, akikigongagonga kiwambo kwa kucha. "Kilichokwenda hakirudishi. Unajua hilo kuliko mimi, umesoma."

"Najua."

"Basi niambie kitu kimoja. Kule kwenu kwenye madebe. Nani anakusikilizia?"

Nilimweleza habari za vidole vya yule mama. Nilitegemea angesema ni njia nzuri. Yeye akauliza, "Na siku atakayojikuna?"

Tukafunga turubai. Njiani akarudia mzaha wake wa mbwa na panya, akiongea kwa nguvu, na uso akiugeuza kwangu kila gari liliposimama. Huruma ile ndiyo iliyoniuma. Mpaka jana yake alikuwa ananitukana bila kunitazama, kama mtu mzima anavyotukanwa.

Nilirudi Ubaruku na jibu la kazi niliyotumwa. Nilimwambia meneja tuombe kifupi kile kinachofunguka, chenye tundu la bunduki kubwa, na vipete vya kukifunga kwenye nyuzi tofauti za mitutu. Kwamba bunduki ndogo itafaidika kidogo kuliko nyingine, na kila kikihamishwa shabaha ipimwe upya. Nilimwambia pia kwamba mpigaji na aliye karibu naye wanunuliwe viziba masikio, kiwambo kiwe kimepatikana au la. Aliandika yote. Akasema, "Umefanya kazi safi. Basi kikija, wewe ndiwe utakayeanza nacho."

Nje ya dirisha yule mama alikuwa anagawa madebe. Nilimwomba meneja amwite ndani, maana niliona nikisema mara moja sitakuwa na nguvu ya kulisema mara ya pili.

"Sitapiga tena," nikasema. "Siyasikii madebe. Nimekuwa nikitazama vidole vyake."

Meneja alimgeukia mama, akitegemea ashtuke. Mama alikuwa anakung'uta vumbi kwenye khanga yake.

"Vidole gani tena, kaka yangu?" akasema. "Mimi kuhesabu hadi tano sihitaji vidole. Nilivianza kwa ajili yako mwaka jana, siku ile ulipoinua bunduki dungu la mtoni halijajibu. Nilikugusa mkono, ukadhani nyoka."

Nilikumbuka kuguswa. Nilikuwa nimemgombeza kwa kunishtua.

"Kwa nini hukusema?" meneja akauliza kwa ukali.

"Nilisema moyoni atasema mwenyewe. Mtu mzima." Akanitazama usoni, akapandisha sauti, pole pole, kila neno peke yake, kama watu wanavyosema na viziwi. "Nilidhani. Utasema. Mapema."

Hivyo ndivyo alivyoanza kusema nami, na hivyo ndivyo wanavyosema nami wote. Kabati la bunduki likapewa mtu mwingine. Maombi ya kiwambo yalipelekwa na bado hayajajibiwa. Mke wangu alipozunguka kwa majirani kueleza kwamba hayakuwa maringo, nilibaki ndani siku ile nikijifanya natengeneza redio.

Msimu huu niliomba niwekwe kwenye dungu, nigonge debe kama wengine. Nilipewa la upande wa mto. Alfajiri ya kwanza nilikaa juu na fimbo mkononi, nikaona kule mbali watu wote wamegeuza nyuso kunielekea, na mpigaji mpya ameteremsha mtutu. Filimbi ilikuwa imekwisha kupulizwa. Yule mama akafungua khanga yake, akaipunga juu ya kichwa chake, juu kabisa, shamba zima likiona, mpaka nikagonga.