Mkunga wa Njia ya Sikonge na Mtani Aliyemfikisha Mahakamani

Saa moja asubuhi, umande haujakauka, na Mama Eustadia Kalunde anachemsha wembe. Umo ndani ya sufuria ndogo pamoja na uzi na mkasi, naye amesimama kando akisali.

"Sina saa ya mkononi," anasema. "Nasali rozari nzima, Salamu Maria hamsini, ndipo naepua. Wembe wangu umesali kuliko wewe."

Nacheka, maana ni kweli.

Mama Eustadia, mwenye miaka arobaini na saba, ni mkunga wa jadi katika kijiji kilicho kwenye njia ya Sikonge, maili tisa kutoka Tabora mjini. Kwa hesabu yake amepokea watoto zaidi ya mia tatu. Ujira wake ni kuku, au chupa ya asali, na mara nyingi ni ahsante tupu. Husafiri kwa baisikeli aliyoachiwa na marehemu mumewe, Ambrosi, aliyekuwa mrina asali. Wazee waliomcheka zamani kwa kupanda baisikeli sasa wanampisha njia, kwani wajukuu wao wamepita mikononi mwake.

Lakini mwaka jana, 1954, mama huyu nusura aozee gerezani, na kilichomponza ni utani.

Tatu, mke wa jirani yake Hilari, alikuwa na mimba ya miezi minne alipoanza kutoka damu. Akaificha damu hiyo siku tatu. "Nilipoitwa nilimkuta midomo imekuwa myeupe," anakumbuka Mama Eustadia. Akampakia kwenye keria, Hilari akamshika mgongoni, wakaisukuma baisikeli maili zote tisa hadi hospitali. Mimba iliharibika, ila Tatu akapona.

Kwa nini alificha? Sheria ya serikali inasema anayemtoa mwanamke mimba aweza kufungwa hadi miaka kumi na minne, na mwanamke mwenyewe naye ana kesi ya kujibu. Ruhusa ipo kwa daktari tu, tena pale anapookoa uhai wa mama.

"Huku kwetu sheria haikufika nzima," anasema Mama Eustadia. "Iliyofika ni kwamba ukienda hospitali unatoka damu, utafungwa. Basi hata ambaye hakunywa kitu anajifungia ndani akingoja kufa. Inaniuma sana."

Mimba ikiharibika hakuna matanga, lakini majirani walifika kumpa Tatu pole. Akaja pia Mabruki, Mzaramo anayefanya kazi reli. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani asiyechokoza penye huzuni ni sawa na ambaye hakuja. Mabruki akamnyooshea mkunga kidole mbele za watu.

"Muuaji ndiye huyu. Kampa dawa mke wa watu, kaitoa mimba, kisha kamaliza asali ya Hilari. Mfungeni."

Watu wakacheka. Hata Tatu akacheka pale alipolala, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali.

Asiyecheka alikuwa askari mmoja mgeni aliyekuwa akipita doria, mtu wa Nyasa, aliyekuwa na wiki mbili tu Tabora na hakuujua utani huo. Yeye alitoa daftari akaandika kila neno.

Siku nne baadaye Mama Eustadia akaletewa hati ya kuitwa mahakamani. "Jela niliiogopa, sikufichi," anasema. "Lakini niliogopa zaidi habari kuenea." Nayo ikaenea. Jirani mwingine, Imakulata, alipotoka damu alikataa katakata kuitiwa mkunga au kupelekwa hospitali. Alipona kwa rehema ya Mungu tu.

Siku ya kesi Mabruki alisimama mbele ya hakimu, Mzungu mwenye subira, akijuta waziwazi.

"Bwana Hakimu, mimi ni mtani wake. Ningefika pale nikamsifu, watu wangeuliza nimepatwa na nini."

Mkalimani alieleza maana ya utani mara tatu. Kisha ikasomwa barua ya daktari: mimba iliharibika yenyewe, na mgonjwa angecheleweshwa siku moja zaidi, angekufa. Hakimu akamuuliza mshitakiwa kama ana neno.

"Ninalo, Bwana," akajibu Mama Eustadia. "Huyu Mzaramo ameiba gari moshi. Kalificha chini ya kitanda chake."

Askari akaishika kalamu. Akatazama watu, akamtazama Mabruki aliyekuwa akitikisa kichwa kwa masikitiko, akaiweka kalamu chini na kuanza kucheka. Hakimu naye akacheka, kesi ikafutwa.

Faini ya utani, hata hivyo, haikufutwa. Kila Jumapili Mabruki huja kuziba pancha za baisikeli ya mkunga na kujaza upepo. "Hakimu kaniachia," analalamika. "Huyu mama bado."

Namuuliza Mama Eustadia kama hakutani na wanawake waliokunywa kweli mizizi ya kutoa mimba.

"Wapo. Na wapo ambao Mungu kapenda hivyo. Mimi simtoi mtu mimba, na simuulizi mtu alikunywa nini. Nauliza damu imeanza lini."

Sasa ana jambo moja analolifuatilia. Amemwomba daktari wa hospitali karatasi yenye muhuri, inayosema kwamba mwanamke akifika anatoka damu atatibiwa kwanza, na maswali yoyote yatangoja nje ya mlango. Daktari amekubali kwa mdomo, na barua ipo mezani kwake ikingoja muhuri. Mama Eustadia amekwenda kuiulizia mara nne, na Jumatatu anakwenda tena.

"Nikiipata nitakwenda nayo kijiji kwa kijiji hadi Sikonge, niwasomee," anasema huku akifunga mkoba kwenye keria. "Tatu alinificha siku tatu. Nataka wa kesho asinifiche hata saa moja."