Mji Nilioufuta Mlangoni

Siku ninayoikumbuka vyema, mwanangu, ni Jumamosi, tarehe tisa Machi 2002. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, nimetimiza mwezi mmoja tu katika darasa la watu wazima, na kiburi changu kilinizidi kimo.

Nilikuwa nikishona nguo pamoja na Mama Neema hapa ugenini, mtaa wa Malvern, katika chumba kimoja cha barabara ya Jules Street. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, yeye wa Uvira. Tuliunganisha majina ya miji yetu, duka tukaliita Buvira. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana. Tuligombana kwa gauni la bibi harusi lililokatwa vibaya, kila mmoja akimsingizia mwenzake mkasi. Jumamosi hiyo alipoondoka na cherehani yake, nilichukua brashi ya rangi nikaufuta mji wake. Mlangoni pakabaki "Bu".

Mteja wetu mmoja, bibi wa Kikorea, alisimama akatazama.

"Bu ni nini, Mama Zawadi? Unatisha watoto?"

Nilimweleza nikitaraji sifa. Aliiomba atlasi yangu ya shule, kuukuu, ya Kiingereza, akaweka kidole kwenye mkoa wa kwao: Cholla.

"Siku hizi kwa Kiingereza huandikwa Jeolla. Maandishi yamebadilika, miji miwili iliyoupa jina imebaki humo: Jeonju na Naju, kila mmoja na kipande chake, Jeon na Na, vikitamkwa pamoja husikika Jeolla. Mkoa ulipogawanywa kaskazini na kusini, kila upande uliondoka na jina zima. Nanyi mmegawana hata herufi?"

Jumatatu niliandika upya jina zima, Buvira.

Mama Neema hakurudi, tusidanganyane. Mwezi wa Juni alifungua duka lake mtaa wa Hillbrow, nikaenda kulichungulia. Juu ya mlango: Buvira. Akanikuta nimeduwaa.

"Dada, ingia, acha kuziba njia. Nilipita kwako kwa teksi nikaona umenirudisha, lakini kwa mwandiko wa kuku! Tazama wangu."

Mume wangu, Baba Zawadi, alipofariki, tarehe nne Agosti 2016, maduka yote mawili yalifungwa, na aliyelala mkekani kando yangu hadi matanga yalipokwisha ni Mama Neema.

Basi mwanangu, hasira hasara. Ukiachana na mwenzako, gawaneni nyuzi na vitambaa, lakini usilifute fungu lake katika mlichokijenga pamoja, kwani fungu lako likibaki peke yake halisomeki. Mungu akujalie watu wa kugombana nao bila kupotezana, na jina lako likae zima mlangoni mwa wengine.